Nilisema nafasi, akasikia kontena

Jumapili, mwezi wa tatu. Guangzhou.

Kuta za chumba changu zinatoka jasho. Ni ule msimu wa unyevu: nguo nilizofua juzi bado mbichi, na sakafu ya korido inateleza kama mtu kamwaga sabuni. Nimerudi kutoka mtaa wa Dengfeng nimelowa, nimechoka, na nina kicheko ambacho sijui kama ni halali kukitoa.

Leo nimegundua kuna neno la Kiswahili nimelitumia maisha yangu yote bila kulijua vizuri.

Nianze na Rahma. Ni binti wa Mzee Suleiman, Mzanzibari anayenunua midoli na vifaa vya shule kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Yide Lu na kuvisafirisha nyumbani. Rahma anamaliza sekondari hapa hapa Guangzhou na anataka udaktari, tena si kwa njia ya kawaida. Ameomba programu ya chuo kimoja cha Marekani inayounganisha shahada ya kwanza na shule ya udaktari. Unaomba mara moja ukiwa bado mtoto wa shule, na ukichukuliwa umechukuliwa kwa yote mawili, mradi usichezee alama. Wanaoomba ni utitiri. Wanaochukuliwa wanaenea kwenye sebule moja, na wageni kutoka nje ya nchi hata kona ya hiyo sebule hawaijazi.

Mimi nasomea uzamivu wa magonjwa ya mlipuko. Kazi yangu ni kukadiria uwezekano wa mambo, ndiyo maana Mzee Suleiman akaniomba nimpimie binti yake. Ananiita Dokta ingawa sijamaliza. Nilikubali haraka mno, kwa sababu nilikuwa na udadisi wangu mwenyewe. Hawa watu wa chuo wanamwonaje daktari ndani ya msichana wa miaka kumi na saba?

Nimekaa na swali hilo wiki kadhaa. Alama za Rahma ni nzuri sana, lakini kila anayeomba ana alama nzuri sana, kwa hiyo hazikuambii kitu. Kilichonivuta ni Jumamosi zake. Huwasindikiza akina mama wa kwetu hospitali na kuwatafsiria. Zamani, akiwa mdogo, mama mmoja wa Tanga alisema "nasikia maumivu," naye akamwambia daktari kwa Kichina kwamba mama anayasikia kwa masikio. Daktari akachukua kurunzi akaanza kumchungulia masikio. Rahma aliwasimulia kisa hicho waliomsaili kwa video. Wakacheka, halafu wakamuuliza alijifunza nini. Akawajibu kwamba tangu siku ile humwomba mgonjwa aweke mkono panapouma kwanza, ndipo atafsiri.

Mimi ningemchukua kwa jibu hilo tu. Lakini mimi si wao.

Basi wiki iliyopita Mzee Suleiman akaniuliza, "Dokta, nambie kweli. Rahma ana nafasi?"

Nikamjibu, "Nafasi anayo, Mzee, ila ndogo."

Uso wote ukamchanua. "Ndogo yatosha. Kwani yeye si mmoja tu?"

Nikadhani ni utani wa Kizanzibari. Nikacheka, nikaaga, nikaenda zangu nikijiona nimesema ukweli kwa adabu.

Jana Rahma akanipigia simu analia. Kuna chuo cha hapa Guangzhou kimemkubali kusoma udaktari, na mwisho wa kuthibitisha ni kesho Jumatatu mchana. Kwa umri wake lazima mzazi asaini. Baba amekataa kusaini. Kasema Marekani nafasi ipo, Dokta kathibitisha. Kule Unguja mama yake ameshasomesha dua, majirani wameshakula pilau.

Nikamuuliza kwa nini hakumweleza baba yake, wakati nilikuwa nimemfafanulia yeye kila kitu.

"Dada, nilianza kumwambia. Lakini sijapata kumwona Baba akiringa. Hata kwa laoban, mwenye duka la madaftari, karinga kwa ajili yangu."

Na mimi nimewahi kumwona baba yangu akiringa kwa ajili yangu, kule Mbeya, siku nilipopata ufadhili. Nisingethubutu kumkatiza.

Leo baada ya ibada nikaenda. Nilimkuta Mzee ofisini kwake Dengfeng, katikati ya maboksi, anafunga mzigo kwa utepe. Nilimpa shikamoo, kisha badala ya kuanza kumsahihisha nikamwomba anieleze yeye alivyonielewa. Nashukuru nilianza hivyo, maana ningekufa nikidhani Mzee ni mbishi.

Kumbe kwa wafanyabiashara wanaochangia kontena, nafasi ni kitu unachokishika. Unamuuliza wakala, "Nafasi ipo?" Akikwambia "ipo, ndogo," umeshapata. Maboksi yako yanakwenda bandari ya Nansha yanapakiwa. Udogo wake ni habari ya maboksi mangapi yataenea, si habari ya kwenda au kutokwenda. Na ukishapewa nafasi kwenye kontena moja, huendi kushika nyingine kwa wakala wa pili.

"Huko ni kumzibia mwenzio," alisema. "Nisaini na hapa, ili mtoto wa mtu akose? Mie si mtu wa namna hiyo."

Kwa hiyo uungwana ndio uliomfanya akatae kusaini. Nilikuja na hotuba yangu ya kumwelimisha, na kumbe mwenzangu alikuwa anamwonea huruma mtoto asiyemjua.

Nikamwambia. Nikatumia maneno yake mwenyewe, kwamba mzigo wetu haujapakiwa, uko nje ya geti la Nansha pamoja na mizigo mingine mingi, na meli itachukua michache tu.

Akaacha utepe ukining'inia. "Kwa hivyo nafasi hana."

"Anayo, Mzee. Yaani, inawezekana."

"Dokta. Anayo au hana?"

Uwezekano? Bahati? Matumaini? Kila neno nililolishika lilikuwa kubwa mno au dogo mno. Muuzaji wa jirani akachungulia kuuliza jambo kwa Kichina, Mzee akamjibu "meiyou, meiyou," yaani hakuna, bila kugeuka, akaketi juu ya boksi. Rahma alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake.

"Nimeshawambia watu," alisema polepole.

Nilijionea aibu, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba kosa ni langu na naona aibu. Akanitazama. Nilitegemea hasira, nayo ilikuja, ila kidogo.

"Wewe umesoma weye! Ungenambia *bado*. Nakuuliza ana nafasi, wanijibu bado. Ningekufahamu. Hakuna mtu anayepika pilau kwa bado."

Hakuna kitabu changu cha takwimu chenye neno hilo. Halisemi ndiyo, halisemi hapana, na mtu akilisikia anajua asifunge mlango wala asihamishe vitanda. Nimekuwa nalo mdomoni tangu utotoni.

Akavaa miwani, akasaini. Rahma akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo.

Kisha akampigia mkewe. Nilitaka kutoka, akanizuia kwa mkono. Sauti ya mama ilijaa ofisi nzima, ina furaha: mtoto anasafiri lini kwenda Marekani, ili aanze kumtayarishia?

Mzee akamtazama binti yake.

"Bado, mama Rahma. Marekani bado." Akasogeza simu mdomoni. "Lakini hapa Guangzhou, chuo cha udaktari, nafasi imepatikana."

Kisha mama akauliza, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kupakia kontena:

"Kubwa au ndogo?"

Rahma ndiye aliyeanza kucheka. Baba yake akafuata, akicheka huku anajifuta macho chini ya miwani, na sikutaka kujua yalikuwa machozi ya nini.

Rahma alinisindikiza hadi kwenye kona, mvua ikinyunya. Akaniuliza kwa sauti ya chini, nimwambie kweli tupu, ile ya Marekani ni asilimia ngapi. Nilikuwa nayo kichwani, nimeipigia hesabu mara nyingi. Nikamuuliza kwanza panapouma ni wapi: kukosa, au kuwaambia watu kwamba amekosa?

Akafikiri. Akaweka mkono kifuani, akautoa.

"Kumwacha Baba," alisema. "Nikipata."

Wiki zote hizi nimepima nafasi yake ya kupata. Na hii nyingine, atakayoiacha kwa baba yake, nitaipimaje?