Malango Mawili, Daraja Moja

Jumanne, 4 Machi

Faili limerudi. Pacha wangu kaongeza mto, msitu na ngome yake upande wa kusini. Neno hakuna—hata "habari" hana! Wiki ya pili hii tunatumiana kimyakimya ramani ya mchezo wetu wa vita wa kompyuta, kila mtu anajenga upande wake. Nilimwambia mbele ya mama kwamba anahama ili atukimbie. Naye akanijibu kwamba najifanya mtoto wa pekee. Tangu hapo, kimya. Jumapili anaondoka. Sitaki aondoke tukiwa hivi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeandika triga, zile amri za "likitokea hili, fanya lile". Ya kwanza: nikiishiwa askari, nimeshindwa. Nikabonyeza cheza—UMESHINDWA! Na sijagusa kitu. Kumbe mchezo unakagua kabla askari hawajawekwa uwanjani. Nimeiambia isubiri sekunde tano. Nimecheka peke yangu kama chizi. Angekuwepo angenitania mpaka nikome. Nimemmisi, mjinga yule.

Ijumaa, 7 Machi

Triga kubwa. Lango la ngome yangu ya kaskazini halifunguki mpaka mjumbe wake afike kwenye daraja la mtoni. Likifunguka tu, majeshi yetu yanakuwa upande mmoja, na maandishi yanatokea: "Yaishe." Nimeyafuta. Nimeyarudisha. Aanze yeye—mimi ndiye niliyeumia zaidi. Au najidanganya?

Hataiona mapema. Toka utotoni sheria yetu ni hiyo: triga za mwenzako huzifungui, la sivyo mchezo hauna utamu.

Mama kapita na nguo za kupiga pasi. Anauliza, watu wawili waliokaa tumbo moja wanaongea kwa kompyuta, midomo wamemwazima nani? Nikasema tunamalizia ramani. Akaguna, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi kaandika, hatimaye: tucheze saa nane? Tumeingia mtandaoni, yeye chumbani kwake, mimi hapa sebuleni.

Nikangoja mjumbe wake atoke. Hatoki. Lango lake limefungwa, langu limefungwa. Askari wanazungukazunguka ndani ya kuta. Hasira zikanipanda—hata kwenye mchezo ananinunia!

Nikavunja sheria. Nimefungua triga zake kwenye faili.

Lango la kusini: lifunguke mjumbe wangu mimi akifika darajani. Kisha maandishi: "Utanisindikiza kesho?"

Mungu wangu. Kila mmoja kamfungia mjumbe wake ndani, anamngoja wa mwenzake. Hapa hata tukicheza mpaka asubuhi hatoki mtu.

Naandika huku machozi yananitoka, na mchezo bado unaenda. Kwenye chati kauliza: "Umekwama?" Nimejibu: "Na wewe?" Naona anaandika. Kaacha. Anaandika tena.

Mama kachungulia mlangoni, anauliza nani anashinda. Nimemwambia bado hatujaanza.

Kaacha tena. Vidole vyangu viko kwenye kibodi. Nimeandika "Kesho saa ngapi", sijatuma—