Nilivunja Bukwe Juu ya Mulima wa Pweto

Lubumbashi, siku ya Mungu

Mapalo mutoto yangu, weye wa Kinshasa,

Niko muzima, magoti tu ndiyo inalia. Bwana yako Ngosa alitupeleka Pweto, mie na batoto bako, siku ine yote. Nilipanda mutumbwi, mie mwenye hajui kuogelea, nikashika ubao mpaka vidole bikafa. Mie na batoto tulikula bukari na samaki ya ziwa, ya kuchoma, mafuta inashuka ku mikono. Kesho yake tukapanda mulima.

Unanijua na bukwe yangu: simuangalie mukwe, simuite kwa jina, sikule naye. Njia yote Ngosa alikuwa mbele, mugongo ku mie. Akitaka kunionya, anaambia majiwe: "Majiwe, mama achunge, hapa inateleza." Mie pia najibia majiwe. Batoto banakufa na kucheka.

Kule juu, ziwa yote ilikuwa chini yetu, roho ikanijaa. Ile woga yako uliniandikia, kama miaka mbili ya masomo yako imemupa Ngosa bibi mwingine, ilikuwa inaninyima busingizi. Nikaacha majiwe, nikamuita kwa jina: "Ngosa, mutoto yangu ungali unamungojea?"

Akavuta kofia mpaka ku macho. Nikaogopa. Kisha akageuka, akaniambia mie mwenyewe: "Mama, nilikuja kujua njia kwanza. Mapalo akirudia, nitamuleta hapa."

Bashangazi bako batanisema sana juu ya bukwe. Baseme. Weye maliza mitihani, urudie.

Ni mie mama yako, mwenye kukungojea pia.