Shati la Kijani Mezani kwa Mgeni Rasmi

Kongwa,
14 Septemba 1991

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba kwa Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa na kuku wako hawajamalizwa na kideri. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na sababu utaijua ukisoma hadi mwisho. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama zile ulizojifunza kwenye darasa la watu wazima, ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe kaka Abbasi akusomee. Yeye ana hasira za mkizi, na jambo hili linataka utulivu.

Huku maisha yanabadilika. Siku hizi sabuni haifichwi chini ya kaunta, mitumba inauzwa hadharani, na watu wameanza kuzungumza mambo ya vyama vingi, ingawa bado wanageuka kwanza kutazama nani yuko nyuma. Katika hali hiyo mwanao, kwa kichwa changu kigumu, nikaamua wanafunzi wangu wa historia waigize maisha ya rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, Siku ya Wazazi. Ujanani alikuwa mpima ardhi, kisha akawa mwanajeshi, kisha akaongoza vita vya kuwaondoa Waingereza. Watu wakampa urais, akakaa vipindi viwili. Wengi walitaka aendelee, yeye akaaga na kurudi shambani kwake. Mimi niliona ni hadithi nzuri tu ya mtu aliyejua kushiba.

Tatizo likawa mavazi. Washington wetu alikuwa Loisi, msichana wa kidato cha tatu aliyewazidi wavulana wote urefu. Tulimpatia koti la mtumba lenye vifungo vya shaba, lakini wenzake wakalikataa, wakidai wazazi watamdhani mpiga tarumbeta. Walisema kiongozi anajulikana kwa shati la kijani na kofia ya Chama. Nikakubali, Mama. Tukaviazima kwa mpishi wa shule. Akili yangu ilikuwa wapi, hata leo sijui.

Mgeni rasmi alikuwa Mzee Swalihu, mwenyekiti wa Chama wa kata yetu kwa miaka mingi, mtu ambaye akikohoa tu walimu husimama. Loisi aliaga vizuri sana. Akavua kofia, akavua shati, akabaki na sare yake ya shule, akavikunja. Nilikuwa nimemwelekeza aviweke mezani. Kumbe meza yetu ya maigizo ilikuwa imechukuliwa akapewa mgeni rasmi. Basi mtoto wa watu akatembea mpaka mbele ya Mzee Swalihu, akaviweka kando ya soda yake, akasema vipindi viwili vinatosha, na wengine nao washike.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alivitazama vile vitu, akainuka, akaondoka bila kuonja pilau. Mkuu wa shule akaninong'oneza kwamba yeye hakuwahi kuuruhusu mchezo ule, ingawa aliuruhusu. Walimu wenzangu wakaacha kukaa karibu nami. Niliogopa, Mama, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Gari lolote likipunguza mwendo nje, nilisimama wima. Nikakukumbuka wewe, unavyoacha unga jiweni na kukimbilia nyuma ya nyumba ukisikia lori. Tulikuwa tunakutania. Sasa sina utani tena.

Kisha Mzee Swalihu akatuma niitwe nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri. Nilifunga sanduku langu kabisa kabla ya kwenda. Nilimkuta peke yake mkekani, amevaa kanzu. Salamu yangu ilitoka vipandevipande. Hakunigombeza. Aliniuliza yule Washington alipoacha kiti, watu aliowaumiza walimfanya nini.

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba aliheshimiwa, akalima, na haikutimia miaka mitatu akafa kitandani kwake kwa ugonjwa wa koo. Akauliza tena, shamba hilo lililimwa na nani. Hilo katika mchezo nililiruka. Nikamwambia ukweli, kwamba walilima watumwa. Aliandika wosia kwamba wale waliokuwa mali yake wawe huru mkewe akishafariki, na inasemekana yule mjane aliogopa kuishi katikati ya watu wanaongojea afe, akawaacha huru mapema. Mzee akatikisa kichwa. Akasema basi bwana yule kiti alikiacha, lakini lile zito alilisogeza hadi baada ya kifo chake, na hofu akamrithisha mkewe.

Ndipo aliponiambia kwamba naye anataka kuacha uenyekiti, ila anaogopa. Amejificha katika kiti kile, na akishuka watu watamfikia. Wakati wa operesheni ya vijiji alitumwa kwetu Kondoa na lori kuwahamisha watu wa milimani. Katika nyumba moja mwanamke alikataa kutoka, naye akaamuru paa la nyasi liwashwe moto. Yule mama akatoka na mtoto mchanga mgongoni, mwingine kamshika mkono, na jiwe la kusagia kichwani. Alisema jiwe lile analiona kila anaposujudu.

Mama, wa kushikwa mkono ni mimi. Wa mgongoni ni Shaban wetu, aliyekufa kwa kichomi ndani ya kibanda cha majani mvua zilipoanza.

Nilimchukia pale pale, nikatamani kumrushia kikombe cha chai alichonipa. Badala yake nikasema, na hili ndilo ninalokuungamia: nilimwambia yule mama yu hai, na ni mama yangu, na mtoto wa mgongoni alikufa. Habari ya kifo hakuwa nayo. Alilia kama mtu aliyefiwa siku ile. Akaniomba radhi. Nikamjibu kwamba radhi hiyo si yangu kuitoa. Akaomba aje kwako, nami nikakubali kabla ya kukuuliza. Sasa sihofii tena kazi yangu. Nahofia kwamba nimekuletea lori la pili.

Anakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Nimempa masharti, naye ameyakubali yote. Gari ataliacha barabarani, atapanda mlima kwa miguu mpaka hapo ulipojenga tena, peke yake, bila shati la kijani wala kofia. Atasimama nje apige hodi. Usimfungulie kwa ajili yangu, Mama. Usipoitika atarudi alikotoka, na hatauliza kwa nini. Siku ile hukupigiwa hodi. Safari hii mlango ni wako.

Nisalimie kaka Abbasi, ila habari hii mpe wewe mwenyewe, akiwa ameshakula. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Naibusu mikono yako iliyobeba lile jiwe.

Ni mimi binti yako,
Stara Hassani