Bibi, Ulitulaza Mapema Ili Utudanganye

Bibi,

Likoni nzima hakuna ajuaye kulaza mtoto kunishinda mimi, mjukuu wako Athumani. Wallahi nikipiga mwayo mmoja tu, mbuzi wa jirani wanaanguka usingizi na feri inasahau kuvuka. Haya, cheka. Ukimaliza unisikilize, maana nina neno nawe.

Sheria yako waikumbuka? Ikishasaliwa isha, Saumu anaoshwa miguu, anapakwa mafuta ya nazi kwenye nyayo, taa inazimwa. Nami, mwenye ndevu tatu na kazi ya kuosha tuktuk, wanisukumia mkekani pamoja na dadangu wa miaka saba! "Mtoto hukua akiwa amelala," ndio wimbo wako. Nikibisha: "Na wewe kichwa hakijakua, lala!"

Kumbe! Tulipomaliza arubaini yako, Mama Riziki wa mlango wa pili akanitolea siri. Kwamba sisi tukishalala, ulikuwa ukienda kwake kujinyoosha sakafuni, umeuma kanga kwa meno, tumbo likikukata. Mwaka mzima. Jirani ajua, mimi wa damu yako nakoroma. Ulitulaza upate kuumwa tusikuone. Hata kwaheri hukunipa, Bibi. Ulinilaghai kwa mafuta ya nazi.

Nikakasirika, nikafuta sheria zako zote. Saumu sasa halali hadi saa tano, saa sita, katuni ziko kwenye simu yangu. Juzi amesinzia wima kwenye paredi ya shule, akaanguka, mdomo ukapasuka. Mwalimu akaniita. "Huyu mtoto hulala saa ngapi?" Nikamjibu ni mbu, mwalimu, mbu wa kwetu wakubwa kama kunguru.

Leo simu nimempa Mama Riziki akae nayo hadi asubuhi. Chupa yako ya mafuta nimeipata nyuma ya mtungi, yamebaki kidogo. Nitampaka, nitazima taa. Hilo nakuahidi. Nawe pumzika, mwongo wangu mpenzi.

Ila lile la mbu... Si mbu, Bibi. Wala si katuni. Saumu macho humlegea mapema vilevile, kama ulivyomzoeza. Mimi ndiye humwamsha. Akilala, nabaki peke yangu nimetega sikio mlangoni, nikusikie ukitoka.