Mume Wangu ni Mkandaji, Ila Mama Yangu ni Mkwe Wake

Shangazi Theopista, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, ila niache kwanza nimsifu mume wangu, maana bila hivyo hutanielewa. Anaitwa Ngusa, ni Msukuma, amesomea masaji chuoni Mwanza na hapa Mpanda mjini ana chumba chake cha kazi, cheti kakibandika ukutani, na kabla hajamgusa mtu anamuuliza maswali mpaka wengine wanamwona msumbufu.

Sasa mama yangu yuko Usevya, msimu wa kupandikiza mpunga ulipoisha bega likamganda, hawezi hata kufunga kilemba, hospitali wakampiga picha wakasema mfupa ni mzima, afanye mazoezi na akandwe taratibu, lakini kaka zangu wakampeleka kwa mtu anayekanda mnadani Majimoto, akauvuta ule mkono mpaka mama akapiga ukunga, tukaletewa hapa hajiwezi, na wa kumsaidia ni Ngusa, ila kwetu mkwe hashikwi, hata kukaa naye mkeka mmoja ni aibu.

Shangazi, alichofanya huyu mwanaume sijawahi kukiona. Alinikanda mimi bega, akinionyesha wapi pa kubonyeza na kwa uzito gani, kisha naingia kwa mama nafanya vilevile, yeye kasimama nje ya pazia anauliza, "Anapumua vizuri au anabana pumzi?"

"Anabana."

"Basi punguza mkono. Hushindani naye."

Polepole mkono ukaanza kupanda, usingizi ukamrudia, na asubuhi moja nikamkuta anafunga kilemba mwenyewe huku machozi yanamtoka. Akaniambia, "Mwambie baba Malale nimeshukuru," maana Ngusa humwita kwa jina la mtoto wetu.

Habari zikaenea, wanawake wakaanza kuja kwangu kwa sababu Ngusa ni mwanaume, na mimi nikanogewa, nikawakanda migongo, mpaka alipokuja jirani yetu Dafrosa na mguu umevimba, una joto, nikapaka mafuta mikononi. Ngusa akauliza kutoka uani, "Umevimba mmoja au yote miwili?"

"Mmoja."

"Scola, toa mikono! Aende hospitali sasa hivi."

Dafrosa akaondoka amenuna. Kumbe damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa, wakamlaza, wakasema ningekanda lile bonge lingeweza kwenda mapafuni. Ameshapona, tunasalimiana. Lakini tangu hapo Ngusa ananisihi niache mpaka nisome, na wakina mama bado wanapiga hodi, wamejishika viuno, nitawarudishaje na wanaumia?

Scola, Mpanda

Scola mwanangu, marahaba. Barua yako nimemsomea mzee wangu hapa nyumbani, naye kasema mkwe wa namna hiyo apewe ng'ombe badala ya kutoa. Mama yako ana bahati, na wewe pia.

Lakini nikugombeze kidogo. Ulifundishwa bega moja la mama mmoja, ukafungua kliniki! Masaji inalegeza misuli iliyokaza, inatuliza maumivu na kumpa mtu usingizi, ndiyo, ila haiungi mfupa wala haitibu uvimbe, na anayejua tofauti hiyo ni aliyesoma. Ngusa alimwokoa Dafrosa kwa swali moja, wewe ulikuwa umeshapaka mafuta.

Huruma yako usiizime, ipeleke shule. Muombe mumeo akutafutie nafasi chuoni, na mtoto mwachie mama, mkono si umepona? Kwa sasa, mwanamke akija kukandwa mpeleke kwa Ngusa, ukae naye humo chumbani mwanzo mpaka mwisho ili asione haya. Mwenye uvimbe, homa, au mimba aende hospitali kwanza. Na wewe msomaji mwingine, kabla hujalala kitandani kwa mkandaji yeyote, muulize kasomea wapi, uone cheti chake. Asipokuuliza una ugonjwa gani, vaa viatu uondoke. Ukimwambia unaumia naye akazidisha, ondoka pia.

Wakina mama hao waambie ukweli mlangoni: "Sijasoma bado, naenda kusoma." Watanung'unika, kisha watakusubiri.