Lita Moja na Nusu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumai kikohozi kimekuachia, na wanafunzi wako hawakutoi jasho kama muhula uliopita. Mama hajambo. Uvimbe wa mguu umepungua, anashuka ngazi mwenyewe na kumgombeza kila anayetaka kumshika mkono. Baba ni yuleyule, chai na taarifa ya habari. Mimi mwili mzima, ila situlii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu kunywa maji nisiyoyataka. Mwezi huu nimekupigia simu mara nne, na kila mara nikaishia kukuuliza kama mvua inanyesha huko. Ndiyo maana naandika. Mshonaji wa jirani anasafiri kesho kuja huko, atakukabidhi mkononi.

Nataka nikusimulie habari ya gari la baba, kwa sababu wewe uliipata kwenye simu, tena nusu.

Unajua lile gari ni kongwe, la gia za otomatiki, na baba hakumruhusu mtu kuligusa mpaka alipokuja huyo fundi wako kujitambulisha. Alibadilisha mafuta ya giaboksi baba akiwa amemsimamia muda wote, na baba akarudi ndani akisema mkwe amepatikana. Wiki mbili baadaye giaboksi ikaanza kuteleza. Ukiweka gia, gari linawaza kwanza ndipo lisogee. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa dashibodi unapanda, na magurudumu hayana habari. Siku ya kliniki ya mama likashindwa katikati ya mlima wa hospitali, likaanza kurudi nyuma, na lori lilikuwa linakuja nyuma yao. Baba aliwahi breki. Hawakuumia, lakini baba akampigia fundi wako simu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Alikuja na ovaroli yake ya kazini. Aliliweka gari uani, mahali tambarare, akaliwasha na kuliacha lipate moto, kisha akapitisha mkono wa gia kila nafasi, taratibu, mguu kwenye breki. Injini ikiwa bado inaunguruma akachomoa dipstiki, ile fimbo ya kupimia mafuta, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamelowesha ncha tu, mbali kabisa na alama. Akayapaka kwenye kitambaa cheupe na kuyanusa. Bado mekundu, hayana harufu ya kuungua. Akaingia chini na tochi, akapapasa sampo, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, na mabomba yote, kukavu. Akamwambia baba kuwa giaboksi ni nzima, ina njaa tu, imepungukiwa kama lita moja na nusu. Akaongeza kidogo kidogo huku akipima, wakaenda kuupanda mlima uleule, na gari likashika vizuri.

Waliporudi, baba akamuuliza kama hayakuvuja yamekwenda wapi, maana mafuta hayana miguu. Fundi wako akasema aliweka ya kutosha. Baba akamkumbusha kuwa yeye ndiye wa mwisho kuyagusa. Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Hapo ndipo baba alipotamka yale uliyoyasikia, kwamba mtu anayepunja mafuta atampunja na binti yake, na asikanyage tena pale nyumbani. Fundi wako akafuta mikono, akamuaga mama, akaondoka.

Dada, mafuta niliyatoa mimi. Siku chache kabla ya gari kuanza kuteleza niliamka nikajifanya fundi. Nikapima ya giaboksi kama ninavyopima ya injini kwenye lori la kazini, asubuhi, gari limezimwa. Yakaonekana yamepita alama sana. Nikafurahi, nisikufiche, kwamba fundi anayesifiwa kila siku amezidisha, na mimi ndiye niliyegundua. Nikapitisha mpira mwembamba nikayavuta kwa bomba la sindano mpaka yakashuka kwenye alama. Sikujua kuwa kwa gari lile injini ikizimwa mafuta hupanda, na hupimwa ikiwaka. Nilijua siku ile uani, kwa kumtazama fundi wako akipima. Kosa la kupima naweza kulibeba. Lisilobebeka ni lile la usiku uliponipigia simu ukilia, ukaniuliza mimi peke yangu kama ni kweli, nami nikakujibu kwamba baba hana sababu ya kusema uongo. Kesho yake ukamrudishia pete. Ninaona haya, dada, haya ya kutotaka kuonekana.

Jana nilikwenda gereji kwake. Nilimkuta anapanga spana kwenye sanduku, amepata kazi mbali na anaondoka Jumamosi. Nikamwambia. Akasema alijua siku ileile, aliuona mpira wangu umeanikwa kwenye kamba ya nguo, una wekundu ndani. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema hakutaka kuingia kwenye nyumba kwa kumtoa mtoto wa nyumba. Alidhani nitasema mwenyewe kabla ya asubuhi. Imepita miezi mitatu. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniuliza tu kama kikohozi chako kimepona, na mimi mwenyewe sikuwa nimekuuliza.

Baba bado hajui. Yuko sebuleni, namsikia anabadilisha stesheni. Nikiifunga bahasha hii nakwenda kukaa mbele yake, na nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mama anakusalimu sana, na majirani wote wanakuulizia. Kunijibu mimi si lazima, hata mwaka ukipita. Simu ya fundi wako bado ni ileile. Mpigie kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
mdogo wako.