Jina Kwenye Meza ya Mzuka

Gokseong, nyumbani

Mwanangu Gyucheol,

Pokea salamu zangu, wewe uliye Seoul na kazi zako zisizoisha. Hujambo? Kifua hakikubani kwa baridi hii? Mkwe wangu Haerim hajambo, na mgongo wake je? Mjukuu wangu Daon ameshaota meno ya mbele? Mwambie bibi amemkaushia viazi vitamu, asiharakishe kukua kabla hajavila.

Huku tupo. Shangazi yako Okbun yupo, na mdomo wake ni ule ule. Baba yako mdogo Deoksam ametoka hospitali, anatembea na mkongojo, anakusalimu. Hata mbwa wetu mzee yupo, ila habweki tena. Mgeni akija anamtazama tu kwa uchovu. Nami ni hivyo hivyo. Magoti yananiuma, na vitunguu saumu vya mwaka huu vimenimaliza.

Sinema yako tumeiona. Okbun ndiye aliyenivuta mpaka mjini. Nilidhani ni hadithi moja, kumbe ni nne: majambazi na maiti iliyokataa kuzikwa, wapendanao wa mochwari, mabingwa wa mateke wanaopigana na mizuka, na ya mwisho ile mliyoipiga hapa uani. Okbun akasema kaka yake marehemu angesema umepika supu, wali na chai katika sufuria moja. Kisha akacheka, akapiga kelele, akanibana mkono akisema akikojoa hapo alipokaa nisimuulize kama ni kicheko au ni woga. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa na langu, mwanangu, na ndilo linaloniandikisha leo. Kwenye simu husema uko kazini, nami naaga.

Miaka sita tangu baba yako afariki, hujaja kwenye tambiko lake. Najua alichokuambia, kwamba mtu anayechezea mizimu ili watu wacheke asikanyage mkeka wa tambiko lake. Nawe ukaapa kwamba hutamsujudia mtu ambaye hakuwahi kukutazama. Vichwa vya mawe nyote wawili, na mimi katikati nikisagwa. Kila mwaka naweka chakula, Deoksam anasujudu peke yake, na baba yako nadhani anauliza mwanawe yuko wapi. Nimechoka kumdanganya kwamba uko njiani.

Basi asubuhi ile ya mvua, siku ya kupiga sinema, watu wako walipoleta meza ya tambiko la mzuka, na samaki wa plastiki juu yake, nilikataa. Nikapika mwenyewe: samaki, wali, supu, chapati za boga. Yule binti wa vifaa akapanga mapichi mezani, eti rangi yake inapendeza kwenye kamera. Nikayatoa nikamfokea, kwamba pichi humfukuza marehemu, sasa nani atakula? Akasema, bibi, si mzuka wa sinema tu? Nikajifanya natafuta kijiko.

Mwanangu, mzuka hakuwa wa sinema. Ile karatasi yenye jina la marehemu, waliyoandika jina la kubuni, niliitoa nikaificha kifuani. Nikaweka ya baba yako. Nilinakili herufi zake siku nzima ya jana yake, mimi nisiyejua kuandika vizuri. Kamera ilikuwa nyuma ya meza, nikajua haitaisoma. Nilitaka tu baba yako aone ua umejaa watu, na mtu kijana akimsujudia, hata kama ni mwigizaji wa kukodiwa.

Kisha yule mwigizaji akaharibiwa tumbo na chaza, na wewe ukavaa nguo zake ukasema utaigiza mwenyewe. Hapo ningeweza kuitoa karatasi. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Sikuitoa. Nikasimama nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, nikakutazama ukimsujudia baba yako bila kujua, na mkarudia mara tisa kwa sababu ya mvua. Okbun angejua angesema umelipa mpaka miaka mitatu ya mbele. Mimi niliona aibu. Kumdanganya marehemu ni jambo moja, lakini nimemdanganya na aliye hai.

Nilikuwa nimeshaamua kukuomba msamaha hivyo tu. Lakini kule mjini picha ikawa kubwa kama nyumba. Nikaona ulivyopiga magoti, ukainua macho, ukasoma. Mkono wako ukatoka polepole ukainyoosha ile karatasi, kwa sababu niliibandika kombo. Kisha ukainama, na hukuinuka upesi. Watu wakacheka, wakidhani mzuka amekushika shingo. Na wewe ndiye unayekata na kuunga picha za sinema, mwanangu. Ungetaka kuitoa, ungeitoa.

Tambiko ni tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, kwa kalenda yetu ya zamani. Deoksam kwa mkongojo wake hawezi kuinama mwaka huu. Wasalimie Haerim na Daon, na uvae soksi nene.

Nijibu upesi, hata kwa neno moja, nijue kama nitandike mkeka.

Ni mimi mama yako,
Bang Jeomrye